Hamira haitengenezi gundi

Habari kwamba hamira imetiwa jeni ya buibui ili itoe gundi ya kubandika ngozi ya mwanadamu imefika barazani Lamu kwa njia iliyozoeleka: klipu ya dakika moja kwenye WhatsApp, haina jina la maabara wala tarehe. Na kama ilivyo ada, imezaa makundi mawili. La kwanza limeshaona hospitali isiyo na uzi wa kushonea na mafundi wa majahazi wa kijiji cha Matondoni wakiacha kununua gundi ya epoksi. La pili limeona jeni za buibui zikifurika pamoja na mkate wa kumimina. Makundi haya yanabishana kwa sauti, lakini yamekubaliana jambo moja bila kujua, na ndilo lenye kosa: yote mawili yanadhani jeni ikishaingia kwenye hamira, kazi imekwisha.

Kuifanya hamira itoe protini ya uzi wa buibui ni jambo lililofanyika 1997. Mwaka huo Fahnestock na Bedzyk, watafiti wa kampuni ya DuPont ya Marekani, walichapisha kazi yao ya kutengeneza protini hiyo ndani ya hamira, wakavuna takriban gramu moja kwa kila lita. Jeni ingekuwa ndiyo mlima, gundi hii ingekuwa inauzwa madukani Langoni, hapa Lamu, kabla hatujajua WhatsApp ni nini. Hoja yangu ni kwamba hamira haitengenezi gundi; hutoa protini tu. Gundi hutengenezwa baadaye, katika kusafisha, kuyeyusha na kugandisha, na mali iko kwenye ncha mbili za safari hiyo: mfuatano wa jeni mwanzoni, na ujuzi wa kugandisha mwishoni. Pipa la katikati, linalopigwa picha kila mara, ndilo lenye thamani ndogo kuliko yote. Tukilielewa hilo, madai yetu watu wa Pwani yanabadilika.

Tuanze na buibui mwenyewe, yule wa miguu minane, si vazi la mama zetu. Buibui anayefuma utando wa mviringo ana tezi za aina mbalimbali, hadi saba, na kila aina ina protini yake. Uzi anaoning'inia nao, ule unaosifiwa kwamba hushinda chuma ukilinganishwa kwa uzito, haunati hata kidogo. Atakaye uthibitisho atafute utando mzima asubuhi, auguse kwa ncha ya njiti ya kiberiti. Nyuzi zinazotoka katikati kama spoki za baiskeli huachana na njiti bila ubishi. Zile za mzunguko hung'ang'ania na kuvutika. Kinachonata ni matone madogo yaliyopangwa kama shanga juu ya nyuzi za mzunguko, na matone hayo hutoka kwenye tezi nyingine kabisa. Pale anapofunga uzi wake ukutani anatumia kitu cha tatu, aina ya saruji yenye nyuzi ndani yake, inayoganda papo hapo. Kwa hiyo mtu akisema "gundi ya buibui", swali la kwanza ni: ipi?

Ya matone ndiyo inayotamaniwa zaidi, na ndiyo ngumu zaidi. Mwaka 2019 watafiti walisoma kwa ukamilifu jeni mbili za gundi ya buibui wa jenasi Argiope, wakakuta moja ina herufi za DNA zaidi ya 40,000 na nyingine zaidi ya 20,000. Linganisha na insulini, ambayo protini yake ina asidi amino (matofali ya protini) 51 tu na ambayo hamira imekuwa ikiitengeneza kibiashara tangu miaka ya 1980. Tena protini hizo za gundi huvikwa sukari za aina maalumu, na hamira nayo huvika protini sukari, ila ni sukari nyingine, ya manosi. Juu ya hayo, tone la buibui lina chumvi na kemikali ndogo ndogo zinazovuta unyevu hewani ili gundi isikauke. Hizo hazitoki kwenye jeni ya gundi hata kidogo. Ndiyo maana kinachopikwa katika maabara nyingi ni kipande kifupi cha protini ya uzi wa kuning'inia, ule usionata. Hugeuzwa gundi kwa njia nyingine: huyeyushwa katika maji, hupakwa kati ya nyuso mbili, na maji yanapotoka minyororo ya protini hujikunja na kufungamana. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Utah State walionyesha kwamba unga wa protini hiyo unaweza kuyeyuka katika maji matupu ukitiwa kwenye chupa iliyozibwa na kupashwa ndani ya maikrowevu, na kwamba maji hayo yakikauka hubandika. Watoto waliotega ndege wanaijua kanuni hii: utomvu unaotoka mtini bado si ulimbo mpaka uandaliwe.

Hatua za hamira hazina uchawi. Inayotumika sana si ile ya pakiti. Ni Komagataella phaffii, ambayo wengi bado huiita kwa jina la zamani, Pichia pastoris. Jeni huandikwa kwenye kompyuta na kuundwa kwa kemikali. Hakuna buibui anayekamuliwa. Protini yenyewe ni kama wimbo wa kiitikio kimoja: fungu la asidi amino iitwayo alanini, fungu la nyingine iitwayo glisini, fungu la alanini tena, mara kumi, ishirini, thelathini. Tatizo la kwanza liko hapo. Vipande vya DNA vinavyofanana hutafutana na kuunganishwa vibaya, na jeni iliyoingia ikiwa na marudio 32 inaweza kuonekana baadaye ikiwa na 20. Dawa yake ni kubadilisha tahajia. Alanini ina tahajia nne katika DNA, glisini nne vilevile. Mwandishi mzuri wa jeni huzichanganya ili kiitikio kisikike kilekile huku maandishi yakitofautiana. Kisha DNA hukatwa iwe mstari ulionyooka, maikrogramu 5 hadi 10 huchanganywa na chembe za hamira zilizooshwa kwa maji baridi na sorbitoli, na mchanganyiko hupigwa mshtuko wa umeme wa volti 1,500 hivi kwa sekunde isiyotimia. Zilizopona humwagwa kwenye sahani zenye dawa ya Zeosini, maikrogramu 100 kwa mililita, ili zisizobeba jeni zife. Sahani zikiachwa mwangani dawa huharibika, kila kitu huota, na mtu hupoteza wiki nzima akikuza hamira tupu.

Jeni hukaa nyuma ya swichi inayowashwa na methanoli. Kwanza hamira hulishwa gliseroli, asilimia 1 kwenye chupa au gramu 40 kwa lita kwenye pipa, iongezeke tu. Gliseroli inapoisha, oksijeni iliyoyeyuka ndani ya pipa hupanda ghafla, kwa kuwa walaji wamesimama. Hiyo ndiyo ishara ya kuanza methanoli, asilimia 0.5 kila saa 24 kwenye chupa, au kwa mtiririko mdogo usiokatika kwenye pipa, siku mbili hadi nne. Ni methanoli ileile inayopofusha watu kwenye pombe haramu, na ikirundikana huiua hamira pia. Asidi ya pipa huwekwa karibu na pH 5 kwa amonia, ambayo wakati huohuo ni chakula cha nitrojeni. pH ikiachwa ipande kupita kiasi kabla hamira haijatumia chumvi, fosfati za kalsiamu na magnesiamu hujitenga zikawa kama chokaa chini ya pipa.

Sasa ilete picha hii Lamu. Hamira hii hutaka joto la nyuzi 28 hadi 30. Ikipita 32 mavuno huanguka. Hamira ikila methanoli hutoa joto jingi, kwa hiyo pipa lazima lipozwe mfululizo. Nchi za baridi hulipoza kwa maji ya bomba. Hapa kwetu, wakati wa kaskazi, bahari yenyewe hufika nyuzi 28 na zaidi, na huwezi kupoza kitu cha nyuzi 28 kwa maji ya nyuzi 28. Utahitaji mtambo wa kupoza maji, na mtambo huo utakula umeme mwingi. Umeme nao: hamira ikishakuwa nzito, oksijeni iliyo ndani ya pipa huisha chini ya dakika moja baada ya hewa kusimama. Mashine ikiendelea kudondosha methanoli kwa betri wakati hewa imekatika, mlo unageuka sumu. Nimeeleza haya kwa urefu kwa sababu kila linapotajwa jambo la teknolojia mpya, mwanasiasa fulani hudai kiwanda. Kiwanda cha mapipa kingekuwa zawadi ya gharama kubwa kwa sehemu ya kazi iliyo rahisi kufanyika kwingine.

Baada ya pipa ndipo wengi wanapozama. Protini ya uzi wa buibui ina sifa moja nzuri: huvumilia joto. Ukipasha mchanganyiko hadi nyuzi 80 kwa dakika 20 hivi, protini nyingi za hamira huganda kama yai na kuondolewa kwa mashine ya kuzungusha, ilhali ya buibui hubaki kwenye maji. Hunyeshwa chumvi ya amonia salfati ijitenge, huoshwa, hukaushwa kwa baridi, ikawa unga mweupe. Lakini vimeng'enya vya hamira huwa vimeshaitafuna njiani. Ukiitazama kwenye jeli ya maabara, ile inayopanga protini kwa urefu, huoni mstari mmoja, unaona ngazi, kila kidato kikiwa kifupi kwa kiitikio kimoja. Kipande kifupi hakishikani kama kirefu. Kibaya zaidi, protini hii inataka kuganda, ndiyo asili yake, na haichagui pa kugandia. Buibui huihifadhi ndani ya tezi ikiwa nzito, asilimia 30 hadi 50, bila kuganda, kisha huishusha kwenye mrija mwembamba ambamo pH huteremka kutoka karibu 7.6 hadi 5.7, chumvi hubadilishwa na mvutano huongezeka. Pale mwishoni tu ndipo inapokuwa uzi. Maabara haina mrija huo. Mtu huacha chupa ya maji maangavu jioni, asubuhi hukuta jeli isiyoyeyuka tena. Ametengeneza protini safi kabisa, na hana gundi.

Tupige hesabu ya mfano. Pipa la lita 1,000 kwa gramu moja kwa lita ni kilo moja. Hatua tatu za kusafisha, kila moja ikiokoa asilimia 70, zinakuachia gramu 343. Kidonda kimoja kikitumia nusu gramu, hizo ni dozi 680 hivi: si haba hata kidogo kwa hospitali. Kwa jahazi ni mzaha. Fundi anayekalafati nyufa kwa pamba na kupaka deheni, ule mchanganyiko wa chokaa na mafuta, sehemu ya chombo inayozama hahesabu kwa gramu. Kwa hiyo ndoto ya kundi la kwanza kuhusu Matondoni tuiweke kando mapema. Jahazi hupakwa sifa ya papa, yaani mafuta yake. Gundi hii hadi sasa imepakwa sifa za magazeti.

Na sifa hizo zina historia. Karibu mwaka 2000 kampuni ya Nexia ya Kanada ilitangaza mbuzi wenye protini ya buibui katika maziwa, kampuni haikudumu. Mwaka 2017 Bolt Threads ya Marekani ilitoa tai hamsini za uzi uliotokana na hamira, kila moja dola 314, na baadaye ikaelekeza protini yake kwenye vipodozi, mahali ambapo haihitaji kuwa uzi wala kuvumilia kuvutwa. Spiber ya Japani, inayotumia bakteria, ililazimika kuiandika upya protini kabla ya kuuza jaketi mwaka 2019, kwa sababu uzi halisi wa buibui ukilowa hujivuta na kufupika. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Lakini ukitazama vizuri, hakuna hata mmoja aliyeshindwa kupata protini. Wote walikwama baada yake.

Wanaoitetea teknolojia hii wana hoja nzito, na inafaa zisikike bila chumvi ya klipu. Buibui hawafugiki kwa wingi, kwani hulana. Kitambaa cha dhahabu kilichofumwa Madagaska na kuonyeshwa New York mwaka 2009 kilihitaji buibui zaidi ya milioni moja. Kome wa baharini, ambao gundi yao hushika hata chini ya maji, inakadiriwa huhitajika 10,000 kwa gramu moja. Pipa ndiyo njia pekee yenye akili. Tena hamira ina faida juu ya bakteria kama E. coli: haina ile sumu ya ukuta wa bakteria inayoleta homa hata ikiwa chembe kidogo tu imebaki kwenye dawa. Gundi zilizopo nazo zina mapungufu. Zile za ukoo wa supaglu hutoa joto zinapoganda, zikishakauka ni ngumu na huvunjika, na kwa kawaida hubaki juu ya ngozi. Gundi ya fibrini hutokana na damu ya watu, hutunzwa kwenye baridi, na mshiko wake ni mdogo. Gundi inayokaa kama unga mkavu kabatini, ikachanganywa na maji wakati wa haja, ingewafaa wagonjwa wa Faza au Kiunga, huku Lamu, kuliko wa hospitali ya London.

Upinzani nao una sura mbili. Ya kwanza ni ya gharama na ya maji, na siwezi kuikanusha: ikiwa mfungamano wa protini ulifanyika kwa kukauka, damu na jasho vinaweza kuulegeza, na kidonda hakikauki kwa kuamriwa. Ndiyo maana wengine huongeza mbinu ya kome, wakigeuza asidi amino ya tairosini iliyo kwenye protini kuwa DOPA, kemikali inayoipa gundi ya kome mshiko, kwa kimeng'enya, ingawa DOPA ikikutana na hewa mapema huungua na kupoteza mshiko kabla haijagusa ngozi. Sura ya pili ndiyo dhaifu: kwamba jeni itatoroka ikaingia kwenye mkate. Hamira ya mkate ni Saccharomyces, kiumbe kingine. Hii ya pipa huuawa kabla ya kusafishwa, na kinachobaki ni unga wa protini usio na uhai. Kila mtoto wa Lamu aliyepelekwa kliniki akiwa na wiki 6, 10 na 14 amechomwa chanjo yenye kinga ya homa ya ini ya aina B, na protini ya kinga hiyo hutengenezwa na hamira iliyotiwa jeni ya virusi, teknolojia iliyoidhinishwa Marekani tangu 1986. Mabishano ya marufuku ya Kenya ya 2012 dhidi ya bidhaa zilizobadilishwa jeni, na kuondolewa kwake Oktoba 2022, yalihusu vyakula. Kazi ya ndani ya pipa lililofungwa ina kanuni zake tangu 2011, chini ya Sheria ya Usalama wa Kibayolojia ya 2009.

Wanaouliza kuhusu halali wako karibu zaidi na ukweli, ila wanaelekeza kidole pasipo. Swali si buibui, ambaye hakuguswa. Swali ni peptoni. Chakula cha hamira cha maabara kina asilimia 2 ya peptoni, na peptoni nyingi hutokana na nyama au na maziwa yaliyosagwa kwa vimeng'enya vya kongosho la nguruwe. Njia ya kuliepuka jambo hilo ipo na ni nafuu: mlo wa chumvi tupu, asidi ya fosfori, potasiamu, magnesiamu, gliseroli, amonia na madini kidogo. Majaribio ya gundi pia hufanyika sana juu ya ngozi ya nguruwe. Hakuna sheria ya fizikia inayokataza ngozi ya mbuzi.

Basi Pwani idai nini? Nirudi kwenye ncha mbili. Ncha ya mwanzo ni mfuatano wa jeni. Msitu wa Arabuko-Sokoke, karibu na Malindi, una buibui ambao protini zao zimezoea joto na unyevu wetu, na uwezo wa gundi ya matone kunata hutegemea unyevu wa hewa ya mahali. Zamani aliyetaka jeni hiyo alihitaji kuondoka na mdudu ndani ya chupa, na Itifaki ya Nagoya, mkataba wa kimataifa wa kugawana faida za viumbe, iliyoanza kutumika Oktoba 2014 na Kenya ikiwa mwanachama, ilimtaka apate kibali na kugawana faida. Leo jeni husomwa mara moja, huwekwa kwenye hifadhidata, na husafiri kama barua pepe. Mzozo wa vijidudu vya Ziwa Bogoria, ambavyo kimeng'enya chake kiliishia kwenye viwanda vya jinzi ng'ambo, ulitufundisha jinsi ilivyo vigumu kudai baada ya kitu kuondoka. Mfuko wa Cali, mfuko wa kimataifa uliozinduliwa Februari 2025, unazitaka kampuni kubwa zinazotumia mifuatano hiyo kuchangia asilimia 1 ya faida au 0.1 ya mapato, kwa hiari. Neno "hiari" ndilo la kupigania, na wanaotoa vibali vya utafiti wanaweza kuanza leo kuandika sharti kwamba kila mfuatano utajwe ulikotoka, hadi jina la msitu.

Ncha ya mwisho ni ya kugandisha, na hapa hatuhitaji pipa. Maabara ya Chuo Kikuu cha Pwani, Kilifi, inaweza kuagiza gramu kumi za unga na kufanya kile ambacho maabara za nchi kavu na za baridi hazina sababu ya kufanya: vipande vya ngozi ya mbuzi vyenye upana wa milimita 25, vilivyopandana milimita 12.5, vikabandikwa katika hewa yenye unyevu wa asilimia 80, vikalowekwa saa 24 katika maji ya chumvi ya nyuzi 30, kisha vikavutwa hadi viachane. Namba ya nguvu iandikwe, lakini pembeni yake iandikwe pia vilivyoachana: kama gundi yote imebaki upande mmoja wa ngozi, haikushika, kama imebaki pande zote mbili, ilishika ikakatika yenyewe. Hali ya kwanza inarudi kwa aliyeandika jeni. Ya pili ni kosa la aliyegandisha.